Mtoto Aliyeandikwa Karuhusiwa

Bariadi, Jumapili mchana

Mwanangu Minza,

Barua ya heshima huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Hii siwezi kuianza hivyo. Wewe hujawa mbali bado, uko Dutwa kumuaga bibi yako, na mimi si mzima. Nina hasira tangu asubuhi. Nimekaa kuandika kabla hujarudi, kwa sababu ukishaingia mlangoni na kunipa shikamoo nitajibu "marahaba, mayu", kama Wasukuma tunavyomwita binti kwa heshima ya mama, na kunyamaza tena kama nilivyonyamaza miaka yote. Kesho alfajiri basi la Mwanza linakuchukua. Barua hii utaikuta ndani ya begi, chini ya koti lako jeupe.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Amekueleza namna ya kulala na begi kwenye treni, nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa, na jana alikuuliza mara tatu kama Dar es Salaam unapatikana unga wa mtama, ukacheka mpaka ukakohoa. Sina la kuongeza hapo. Umefanya udaktari miaka mitatu katika wilaya hii, hutashindwa na begi.

Nataka kusema juu ya hicho unachokwenda kusomea.

Ulipotusomea ile barua ya kukuita masomoni, ulisoma kwa sauti kubwa na mama yako akapiga vigelegele kabla hujamaliza. Wanataka madaktari walio kazini, wanaotibu wagonjwa kila siku, wafundishwe kufanya utafiti wao wenyewe, kisha warudi walikotoka wawalee wenzao katika kazi hiyo. Nilifurahi kweli, usidhani nilijifanya. Halafu ukanipa nakala ya maombi yako nihakiki Kiswahili, nikafika ukurasa wa pili, nikaona umetaja lile chapisho la klorokwini. Umeandika kwamba unataka kuendeleza kazi ile iliyofanyika kwenye kituo cha afya nilichofanyia kazi mimi, baba yako. Nilirekebisha koma mbili nikakurudishia. Koma, Minza. Nilikuwa na jambo la kusema likanishinda, nikashughulika na koma.

Unaikumbuka siku ulipolileta chapisho lenyewe? Ulikuwa mwaka wa tatu chuoni, ukaja likizo na karatasi zimebanwa pini, ukanifuata kwenye zizi. "Baba, kituo chako kimo! Umo hata wewe, angalia hapa chini, wanamshukuru mganga msaidizi wa kituo!" Ukanisomea kwamba watoto wa huku kwetu waliolazwa kwa malaria na kupewa klorokwini walipona vizuri, na kwamba hapakuwa na sababu ya haraka ya kuitilia shaka dawa hiyo. Nikasema vizuri sana, mwanangu. Nikakuambia ng'ombe mmoja anachechemea, nikaenda upande wa pili wa zizi. Hapakuwa na ng'ombe aliyechechemea.

Chapisho lile ni uongo. Waliolitunga hawakujua kuwa ni uongo. Mimi nilijua.

Wewe umekulia bweni na chuo, kwa hiyo kuna jambo la kituo kile hukuwahi kuliona kwa macho. Mtoto alikuwa akiletwa na homa, mama kamfunga mgongoni, baba kasukuma baiskeli kutoka huko ndani. Tunampa klorokwini. Wengine siku ya pili wanaomba uji na tunafurahi. Wengine siku ya tatu bado wanaungua, macho yamepanda juu, degedege halikatiki. Kwinini ya dripu, ambayo ingewasaidia hao, ilikuwa inakuja ikipenda. Hapo ndipo baba au mjomba aliponiita pembeni, kofia mkononi. "Dakitari, turuhusu twende nyumbani." Sote tulijua maana yake. Mtoto afie kwao, kwenye kitanda cha bibi yake, azikwe karibu na zizi la babu yake. Kondakta wa basi hapokei maiti, na hakuna mzazi anayetaka kumfunga mwanawe kwenye keria ya baiskeli akiwa amekwisha kukata roho. Kwa hiyo waliondoka naye angali anapumua. Nami nilifungua rejesta ya wodi nikaandika: karuhusiwa.

Niliona ni heshima. Hadi leo naona ilikuwa heshima kuwaachia waende. Kilichokuwa cha aibu ni kalamu. Ningeweza kuandika kwamba amechukuliwa na ndugu akiwa mahututi. Maneno yalikuwepo. Lakini mkubwa wangu alipenda taarifa ya mwisho wa mwezi iwe safi, nami nilipenda mkubwa wangu anipende, na wazazi wenyewe hawakutaka neno kifo liandikwe juu ya mtoto anayehema. Neno moja likaturidhisha wote. Mtoto aliyekwenda nyumbani anacheka na mtoto aliyekwenda nyumbani kufa waliandikwa sawasawa, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mlikuwa mnausifu.

Halafu akaja yule daktari. Ilikuwa kiangazi, miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa pamba wanapishana na malori barabarani na ushirika umekaa kimya. Kila duka sasa lilikuwa na klorokwini, pembeni ya betri na biskuti. Wafadhili, nadhani, walitaka kujua kama dawa bado ina nguvu. Akatumwa yeye. Hakuwa Mzungu, usije ukanitafutia Mzungu wa kumlaumu. Alikuwa Mtanzania mwenzetu kutoka mjini, mpole, anasalimia hata wafagiaji. Alikaa na vijana wake wawili kwenye chumba cha stoo majuma matatu, wakanakili rejesta zangu za miaka kadhaa. Hawakutoka kwenda kijiji hata kimoja. Hakuna mama hata mmoja aliyeulizwa. Siku ya mwisho aliniita.

"Mzee Maduhu, rejesta zako ni safi kuliko zote nilizoziona. Ziko sahihi?"

Nikasema, "Ziko sahihi, daktari."

Alinisifia mwandiko, Minza, na mimi nikauza watoto wa watu kwa sifa ya mwandiko. Alinipa na fulana yenye maandishi mgongoni. Niliivaa.

Lakini kabla hajaondoka nilijaribu. Nataka ujue kwamba nilijaribu, ingawa kujaribu kwangu kulikuwa kwa mzunguko. Nilimwomba anifundishe zile hesabu alizokuwa akipiga jioni, jinsi anavyotoka kwenye mistari yangu mpaka kwenye neno "dawa inafanya kazi". Nilifikiri akinionyesha njia, tutafika mahali ambapo neno karuhusiwa litamsimamisha mwenyewe, naye ataniuliza, nami nitajibu. Alicheka kwa upole wake ule. "Mzee, wewe endelea kutibu. Mahesabu tuachie sisi."

Kwa maneno hayo nina hasira mpaka leo, na hasira yangu haipungui nikizeeka. Mimi ndiye niliyekuwa wodini. Mimi nilijua nani kaondoka anatembea na nani kaondoka amebebwa. Kalamu iliyoandika uongo ilikuwa yangu na ukweli ulikuwa kichwani mwangu, umbali wa kiti kimoja kutoka alipokaa, na mtu aliyesomeshwa kuutafuta ukweli huo akaniambia nikaendelee na kazi. Angenipa saa moja tu! Wanasema utafiti ni wa wataalamu. Sawa. Lakini anayeshika rejesta akiwa hajui inakwenda kufanya nini, ataandika chochote kinachompa amani siku hiyo. Mimi niliandika.

Alipoondoka, dhamiri ikaanza kunisumbua, nikanunua daftari dogo la shule nikaanza utafiti wangu wa wizi. Cheka kama unataka. Siku za mnada wa Dutwa nilipanda baiskeli nikawatafuta wale akina baba walioniomba ruhusa. Nilimkuta mmoja amesimama katikati ya ng'ombe, anapapasa nundu ya dume analotaka kulinunua.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, dakitari."

"Yule kijana tuliyemruhusu, wakati wa kupalilia. Anaendeleaje?"

"Hajambo tu."

Nikaandika: hajambo. Nilipita kwa wa pili, hajambo. Wa tatu, hajambo. Nikarudi nyumbani nimepata nafuu, nikiamini labda Mungu amefanya kazi yake huko vijijini bila kunitaarifu. Ilichukua wiki nyingi kabla sijamkuta mke wa yule wa kwanza kisimani. Aliniona na daftari langu, akatua ndoo. "Umemuuliza mume wangu mbele ya watu wa mnada," alisema, "ulitaka akulilie pale kwenye ng'ombe?" Mtoto alikuwa amezikwa siku ileile walipofika nyumbani.

Hilo ndilo kosa langu ninalolionea aibu kama mtu wa kazi, si kama mtenda dhambi tu. Mimi Msukuma, mwana wa Msukuma, nilimwuliza mwanamume habari za mtoto aliyekufa akiwa sokoni. Hata mgeni wa Dar es Salaam angekosea vilevile, lakini yeye angekuwa na kisingizio. Nilianza upya. Nilikwenda majumbani, nikakaa kwenye kigoda, nikala michembe yao, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaongea habari za mvua mpaka mwenye nyumba mwenyewe alipoamua kuniambia. Nikauliza akina mama. Daftari likaanza kusema kitu tofauti kabisa na rejesta. Siwezi kukupa hesabu ya kuaminika, kwa kuwa nilikwenda kule baiskeli ilikofika na kwa watu waliokubali kuniona, wala hakuna aliyenifundisha namna ya kuchagua. Hilo utanieleza wewe ukirudi. Lakini walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kuandika.

Nikalipeleka kwa mkubwa wangu. Hakulifungua. "Umetumwa na nani kwenda majumbani kwa watu? Una kibali?" Sikuwa na kibali. Nikalichukua daftari langu, nikalifungia kwenye sanduku la bati, nikaendelea kugawa klorokwini. Hakunipiga, hakunifukuza, hakunitisha hata. Aliniuliza swali moja tu nami nikaacha. Mara nyingine namtafutia ukatili ambao hakuwa nao ili nijione nilionewa.

Na klorokwini inagawiwa mpaka leo, Minza. Wewe mwenyewe wiki hii umeiandika kwenye vyeti vya dawa. Unaniambia jioni, "Baba, watoto wengine hawaitikii dawa, sijui wamechelewa kuletwa." Kisha unajituliza kwa lile chapisho. Nimekusikia ukimnukulia mwenzako barazani kwetu, hapa hapa nilipokaa, kwamba utafiti umefanyika na dawa iko sawa. Ninyi madaktari wenye macho yenu na wagonjwa wenu mnaamini karatasi kuliko mnachokiona, na karatasi yenyewe imetoka kwenye mkono wangu.

Na nina hasira na wewe pia, tusifichane. Mwezi uliopita nilikuletea chakula wodini nikakukuta na yule muuguzi kijana, anakuuliza ile fomu mpya ni ya nini. Ukamwambia, "Wewe jaza tu, nitajua mimi cha kufanya nayo." Ulisema kwa upole. Nilisimama na sufuria mkononi nikasikia sauti ya yule daktari wa stoo. Hukumwona alivyoinamisha macho akajaza. Mimi nilimwona, nami najua anajaza nini sasa.

Wanakupeleka ukajifunze kuwalea wengine katika utafiti. Basi usije ukarudi hapa na cheti ukawakusanya madaktari peke yao kwenye ukumbi wenye feni. Anza na huyo muuguzi. Kaa naye chini, mwonyeshe mstari wake unakwenda wapi, nani atausoma, mtoto gani atakunywa nini kwa sababu yake. Akikuambia rejesta ni sahihi, usimsifie mwandiko. Muulize waliobebwa ni wepi.

Mpaka hapa nimekuwa kama mtu anayezunguka zizi. Mama yako amepita hapa sasa hivi, amesoma juu ya bega langu. Amesema, "Bado hujamwambia." Nikasema ndiko ninakokwenda. Amesema, "Mwambie. Mimi nimechoka kumbeba peke yangu."

Ni habari ya mdogo wako Malimi.

Ulikuwa bweni. Uliporudi ulikuta kaburi Dutwa, kwa bibi yako, nikakuambia aliugua ghafla akiwa kule kwa bibi, akafa kabla hatujamfikisha kwa daktari. Ukaniuliza, "Kwani wewe si daktari, Baba?" Ukiwa na sare ya shule. Nikakuambia ni kazi ya Mungu. Nilimsingizia Mungu kwa mtoto wangu mwenyewe.

Malimi hakuugulia kwa bibi. Alilala kwenye wodi yangu, kitanda cha pili kutoka dirishani, siku nne. Nilimpa klorokwini kwa mkono wangu, akatapika, nikampa tena. Siku ya tatu nilijua. Nilikuwa nimeona wengi kama yeye, nilijua dawa haimshiki, na kwinini haikuwepo. Nilituma mtu Bariadi, akarudi mikono mitupu. Nikaendelea kumpa ileile, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo na kwa kuwa kuacha kumpa ilikuwa kukiri. Siku ya nne mchana mama yako alisimama mbele ya meza yangu, kama walivyosimama wale wengine wote. Hakuniita jina. Alisema, "Dakitari, turuhusu twende nyumbani."

Nikafungua rejesta. Ningeweza kuiacha wazi siku ile, hakuna ambaye angenidai. Lakini mkono ulikuwa umezoea. Nikaandika jina la mwanangu, umri wake miaka minne, na mbele yake neno lilelile kwa mwandiko uleule. Tukamchukua. Alifia mikononi mwa bibi yako kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni.

Kiangazi kilichofuata yule daktari alipokuja, nilimkabidhi rejesta hiyo pamoja na nyingine. Aliponiuliza kama ziko sahihi, ilikuwa imefunguliwa mezani. Sijui ulikuwa ukurasa upi. Nilisema ziko sahihi. Kwa hiyo kwenye lile chapisho ulilonisomea zizini kwa furaha, katika wale watoto waliopona, mmoja ni Malimi. Wewe ulisoma hesabu, mimi nikasikia kwamba mwanangu ni mzima, na nikaenda kumtafuta ng'ombe anayechechemea.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi. Nimekuwekea barua begini makusudi, uisome ukiwa mbali kidogo na uso wangu. Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini usikatishe safari. Nenda. Na siku watakapokuuliza unataka kuchunguza nini, usiendeleze kazi ya kituo kile. Ibomoe. Watakuuliza una ushahidi gani, na nimekupa.

Begini, kwenye kitenge cha bluu, kuna vitu viwili. Kimoja ni daftari dogo la mnada na la majumbani, pamoja na makosa yake yote. Kingine ni rejesta yenyewe. Kituo kilipokarabatiwa walizitoa za zamani stoo, zikauzwa kwa mama mmoja anayefungia karanga. Nilizikuta zimepangwa chini ya meza yake, nyingine zimekwisha kuchanwa. Nilinunua karanga nyingi sana siku hiyo, na hii nikaiokoa. Jina langu liko kwenye jalada. Usilifunike. Utakapokuwa unawafundisha wenzako namna rejesta inavyodanganya, wataje kwamba aliyeandika ni baba yako, ili wajue kwamba hakuwa mlevi wala mvivu, na kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Ukurasa wa Malimi nimeukunja pembe. Leo asubuhi, ulipokuwa unaondoka kwenda Dutwa unanipungia mkono, nilikuwa nimekwisha kuufungua, kalamu iko mkononi. Nilitaka kulikwangua lile neno. Sikulikwangua. Ukilifuta kosa hakuna atakayejua lilikuwepo, na mtu wa utafiti anahitaji kuliona, nadhani hilo hata wao watakufundisha. Nimelipigia mstari mmoja mwembamba, linasomeka bado. Pembeni yake nimeandika "alifariki", nikatia tarehe ya leo na sahihi yangu.

Ni mtoto mmoja tu niliyemsahihisha. Wale wengine waliobebwa nimekuachia, mimi na wewe tutawafuata majumbani ukirudi, baiskeli bado ninaiweza.

Nasikia mbwa wanabweka njiani, nadhani umefika. Nakuja kukupokea.

Baba yako,
aliyeuandika mstari ule.